Siku moja pembeni ya riakta: kutenganisha pacha kwa asidi ya zabibu

Saa 12:00 asubuhi. Zamu ya usiku imeacha mstari mmoja tu kwenye kitabu cha makabidhiano: "Riakta 4 safi, kavu, naitrojeni inapita." Riakta ni tangi kubwa la kuchanganyia kemikali. Anayesikia kwamba mtu anatengeneza malighafi za dawa hapa Hyderabad, India, hudhani ni koti jeupe na vichupa. Ni buti, barakoa yenye kichujio na magunia ya kilo 25.

Kazi yenyewe ni hii. Tunapokea 1-fenilethilamini ya rasemia, yaani nusu ya molekuli ni S na nusu ni R, kama ndara za kushoto na za kulia zilizomwagwa kwenye gunia moja. Uzito wao ni mmoja na wanachemka kwenye nyuzi zilezile, karibu 187, kwa hiyo kukeneka hakusaidii kitu. Lakini wanunuzi wanataka mmoja tu. S ni kipande kilichomo ndani ya mavacamten, dawa ya moyo wenye misuli minene iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2022. R imo ndani ya etomidati, ya kumlaza mgonjwa kabla ya upasuaji.

Njia yetu ni ya kizee. Mwaka 1848 Pasteur alitenga fuwele za kushoto na za kulia kwa mkono, moja moja. Sisi tunawapa pacha wote wawili asidi tartariki ya L, inayopatikana kwa bei nzuri kwa sababu hutoka kwenye mashapo ya mvinyo. Chumvi mbili zinazozaliwa si picha ya kioo ya kila mmoja tena, na ile ya S haipendi kuyeyuka kwenye methanoli. Inazama, R inabaki juu. Kuna viwanda vinavyotumia kimeng'enya cha lipasi kwa amini hiihii, na ni njia nzuri, lakini kwetu asidi ya zabibu na uvumilivu ndivyo tulivyo navyo.

Saa 12:30. Kilo 155 za asidi zinaingia kwanza, riakta ikiwa kavu na chini ya naitrojeni. Unga haumwagwi kamwe juu ya methanoli, maana umeme tuli wa gunia la plastiki unatosha kuwasha mvuke wake. Kisha lita 2,250 za methanoli, nyingi ikiwa ya kurejelewa. Nimekataa tangi moja: maji asilimia 0.9, na kikomo chetu ni 0.5. Maji huyeyusha chumvi zote mbili, na mavuno yanaondoka nayo.

Saa 1:30 mpaka saa 3:00. Kupasha moto hadi nyuzi 55, kisha kilo 125 za amini kwa pampu, polepole, maana asidi na besi zikikutana zinatoa joto lao wenyewe. Ukoko mweupe kwenye mdomo wa pipa ni amini iliyokula kaboni dioksidi ya hewani. Unakwanguliwa nje, haudondoshwi ndani. Asidi peke yake isiachwe muda mrefu kwenye methanoli ya moto, kwani inaanza kugeuka esta, na esta ikishajaa kwenye kiyeyusho cha kurejelewa hakuna anayejua imetoka wapi.

Saa 4:50 tuko nyuzi 50. Mbegu, fuwele chache za kuanzisha nyingine, ziko tayari: gramu 700 za chumvi safi ya S kwenye lita 5 za methanoli baridi. Kwetu zinaingia nyuzi 48. Namba hiyo usiinakili, inategemea maji na uchafu ulionao.

Kabla hata sijafungua mfuniko, Anna (ndivyo wanavyomwita kaka mkubwa kwa Kitelugu, na opereta wetu anastahili) ameweka tochi kwenye kioo cha kuchungulia.

"Sar, maziwa."

Mmumunyo ambao ungepaswa kuwa kama chai ya rangi umefanya ukungu. Tone moja chini ya hadubini, na ni hizo: nywele ndefu nyembamba zilizosukana kama manyoya ya paka. Sindano. Tunachotaka sisi ni matofali, vipande vifupi vinene vyenye kona kali. Tofauti si ya urembo. Keki ya sindano inashika maji ya mama, yaani mmumunyo unaobaki fuwele zikishazama, wenye R nyingi, kama sufi iliyolowa. Uioshe mara tano, bado kwetu ziada ya S (asilimia ya S ukitoa ya R) inaishia chini ya asilimia 90, wakati matofali yaliyooshwa mara mbili yanapita 98. Isitoshe yanachujwa kwa robo ya muda.

Sababu tumeipata kwenye koti la riakta, ganda la nje linalopitisha maji ya kupasha na kupoza. Kipimo kinasema nyuzi 14. Ndani ni 50! Valvu ya maji ya barafu, ambayo kompyuta inaonyesha imefungwa, inapitisha. Ukuta umepoa kuliko tumbo, chumvi imejaa kupita kiasi pale ukutani, na imejizalia fuwele zake kabla ya kupewa mbegu. Sheria yetu ni koti lisipishane na ndani kwa zaidi ya nyuzi 10. Leo zimepishana 36.

Simu inalia. Mpangaji wa uzalishaji anataka kujua kama bado tutachuja jioni. Namwambia hapana, tunarudi nyuma. Anauliza kama hatuwezi "kuendelea tu halafu tusafishe baadaye". Kusafisha baadaye maana yake ni kuyeyusha upya, lita nyingine elfu mbili za methanoli, mvuke wa kuikeneka, na hasara ya chumvi inayobaki kwenye mmumunyo. Saa nne za leo ni rahisi kuliko hizo zote. Anapiga tena baada ya dakika ishirini. Na tena.

Valvu imefungwa kwa mkono. Tunapandisha hadi nyuzi 62, chini kidogo ya mchemko, na kushikilia dakika 40. Fuwele zimeyeyuka na mmumunyo umekuwa mwangavu, lakini hapo ndipo wengi wanaposhindwa: juu ya usawa wa mmumunyo, ukutani na kwenye shingo ya kikorogeo, pamebaki pete ya ukoko. Ni sindano zilezile. Ikidondoka wakati wa kupoa, umeshapandwa mbegu mbaya. Kwa hiyo lita 40 za methanoli ya moto kupitia mpira wa kunyunyizia, duara zima, mara mbili, na tochi tena.

Mchana umepita hivyohivyo. Chakula kimeliwa kwa kusimama.

Kati ya simu, kundi la jana limemalizwa: kilo 101 za chumvi kavu ndani ya maji, magadi makali ya asilimia 50 kilo 63 hadi pH ipite 12, amini ikapanda juu, tukaitoa kwa kiyeyusho cha tolueni, na baada ya kukenekwa chini ya ombwe kilo 44 na kidogo. Kutoka 125. Wageni hushtuka, ila dari ni 62.5 tu, maana S ni nusu, na faida ya njia hii iko kwenye mapipa wanayodhani ni taka. Methanoli inarudi. Tartariti iliyobaki kwenye maji inazamishwa kwa kloridi ya kalsiamu, kisha asidi sulfuriki inairudisha kuwa asidi tartariki na jasi. Maji ya mama yana kilo 80 hivi za amini, R ikizidi kwa asilimia 56. Mteja wa R akiwepo, inasafishwa kwa asidi tartariki ya D, pacha wa kioo wa ile ya L, ambayo ni ghali, lakini safari hii inahitajika kidogo. Asipokuwepo, amini inapitishwa kwenye kichocheo cha nikeli ya Raney na haidrojeni, inakuwa rasemia tena, inarudi mlango wa mbele.

Saa tisa, au karibu na hapo, mbegu zimeingia nyuzi 48. Saa nzima bila kugusa kitu. Kisha nyuzi 5 kwa saa.

Saa 12:20 jioni, miguu imevimba ndani ya buti. Riakta 4 iko nyuzi 36. Anna amenipa kioo cha hadubini bila kusema neno. Kwenye kitabu nimeandika: "Valvu ya maji ya barafu inavuja, imefungwa kwa mkono, ISIFUNGULIWE. Nyuzi 5 kwa saa hadi 20, kisha chuja. Methanoli baridi mara mbili, kidogo kidogo. Sampuli ya mwisho: matofali."