Kumbukumbu ya mradi: vizibo vingi, chupa chache

Vigingi viwili

Katika mradi wetu wa kuokota na kuhesabu taka za ufukweni pamoja na vijana, tumepima mita 100 za ufukwe kwa kamba, tukachomeka kigingi kila upande, juu kidogo ya pale maji ya bamvua, yale yanayojaa kuliko siku nyingine, yanapoishia. Siku ya hesabu, kitu kilicho nje ya vigingi hakiingii kwenye fomu. Vijana walinung'unika: taka ile pale tunaiona, mbona tuiache? Haiachwi, inaokotwa hesabu ikishakwisha. Lakini tukihesabu mita 100 leo na mita 300 mwezi ujao, hatutajua kama taka zimeongezeka au ni sisi tuliotembea zaidi. Urefu huo sikuubuni mimi. Ndio unaotumika kufuatilia taka za fukwe chini ya mkataba wa OSPAR, unaolinda bahari ya Atlantiki upande wa Kaskazini Mashariki, na unafaa popote penye mchanga.

Tunafanya kazi kwa vikundi vidogo: anayeokota anataja kitu kwa sauti, mwandishi anapiga alama, mshika gunia anafuata nyuma, kisha wanapokezana. Nimehudhuria usafi wa aina nyingine mara nyingi, ule wa fulana mpya, hotuba na picha ya pamoja mbele ya lundo la magunia. Ufukwe unapata nafuu ya wiki moja, na kijana anaondoka bila swali lolote kichwani. Sioni kwa nini arudi.

Wakati wa bamvua

Siku zetu tunazipanga kwa mwezi. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hujaa juu kabisa na kupwa mbali kabisa, kwa hiyo bahari inaanika kila ilichokuwa nacho. Tunaingia maji yakianza kupwa ili tuwe na muda wa kutosha kabla hayajarudi. Wakati wa maji mafu, yasipojaa wala kupwa sana, tunabaki na kazi ya kuchambua.

Mizani tunayo, ila safu ya kilo nimeihamishia mwisho wa fomu. Gunia moja la nyavu zilizolowa na kujaa mchanga linayashinda uzito magunia kadhaa ya povu la plastiki, ilhali povu hilo ndilo linalomeguka na kutapakaa kila upepo ukivuma. Kilo zinamfaa anayekuja kubeba taka, ajue chombo chake kitahimili mzigo gani. Mimi nataka idadi, na nataka kujua ni vitu gani.

Hilo nalo lina historia. Mwaka 1986 Linda Maraniss na Kathy O'Hara waliandaa usafi wa pwani huko Texas, Marekani, wakawataka watu waliojitolea waandike kila walichookota badala ya kujaza magunia tu. Ndiko ulikotoka usafi wa pwani wa kimataifa unaofanyika kila Septemba. Na Umoja wa Ulaya ulipopitisha mwaka 2019 sheria ya kuzuia baadhi ya plastiki za kutumia mara moja, orodha ya vitu ilitokana na vile vilivyokuwa vikionekana zaidi kwenye hesabu za fukwe zao. Vijiti vya plastiki vya pamba za masikio vilipigwa marufuku kwa sababu kuna watu walioinama mchangani wakavihesabu kimoja kimoja. Nilipowasimulia vijana habari hiyo, mwandiko kwenye fomu ulianza kusomeka.

Swali la vizibo

Sehemu hii ndiyo iliyougeuza mradi. Kijana mmoja wa kidato cha pili, aliyekuwa mwandishi wa siku hiyo, alitazama fomu yake akauliza: kila chupa huuzwa na kizibo chake, sasa mbona vizibo ni vingi hivi na chupa ni chache?

Majibu yalimiminika. Chupa huokotwa na wanaoziuza. Vizibo ni vidogo, havionekani, basi hujilimbikiza. Yote yana ukweli ndani yake. Lakini kulikuwa na jibu jingine, nami sikulitoa. Nilijaza ndoo maji ya bahari, nikawapa mkasi na taka zilezile tulizookota.

Kipande cha kizibo kilielea. Kipande cha ubavu wa chupa kilizama moja kwa moja. Wakakata chupa nyingine, ikazama vilevile. Chupa nzima iliyofungwa kizibo ikaelea, lakini ilipofunguliwa na kuingia maji ikaenda chini. Kuanzia hapo sikuwa na la kufundisha, walikuwa wanabishana wenyewe. Maji ya bahari yana uzito wa takriban gramu 1.025 kwa mililita. Chupa za maji na soda hutengenezwa kwa PET, aina ya plastiki yenye gramu 1.38 hivi kwa mililita. Kizibo ni cha polipropilini au poliethilini, plastiki za aina nyingine ambazo hazifiki gramu 1. Kwa hiyo chupa iliyofunguliwa inazama, na kizibo chake kinasafiri hadi kwetu.

Basi tunachokiokota mchangani ni sehemu tu ya taka, ile inayojua kuelea. Wale vijana walinyamaza kidogo walipofika hapo, kisha mmoja akauliza kuhusu nyavu. Tukarudi kwenye ndoo: uzi wa nailoni ukazama, kamba ya polipropilini ikaelea. Mzee mmoja mvuvi aliyekuwa akitutazama akawaambia, "Wanangu, nyavu ikikatika boya haiji huku. Inakaa mwambani na inaendelea kuvua." Samaki, kaa na kasa hunaswa humo bila mtu wa kuwatoa. Tangu siku hiyo fomu yetu ina safu ya kamba na safu ya nyavu, tofauti.

Mwani tunauacha

Kila anayekuja mara ya kwanza hutaka kufagia kila kitu, mwani na majani ya bahari yakiwemo, ufukwe uonekane msafi kama sebule. Hapana. Rundo hilo la majani ni chakula cha wadudu na kaa wadogo, nao ni chakula cha ndege, na likioza hurutubisha mimea inayoushika mchanga usichukuliwe na upepo. Tunachambua plastiki kwa mikono na majani tunayarudisha palepale. Kazi inakwenda polepole sana, na wapo wanaoona tunapoteza muda. Katika majira ya kasa kutaga hatuchimbi wala hatuchomeki kitu juu ya mstari wa bamvua, maana mayai hukaa mchangani kwa takriban miezi miwili kabla hayajaanguliwa.

Sindano, vioo na chupa zenye kimiminika kisichojulikana ni kazi ya watu wazima tu, kwa koleo na kopo gumu lenye mfuniko.

Baada ya mvua kubwa

Mvua ilibadilisha kabisa sura ya fomu. Vitu vilivyokaa sana baharini, vyenye viumbe wa gamba waliojibandika juu yake, vilipungua kwa uwiano. Vikaja vifungashio vyenye rangi zake bado na maandishi yanayosomeka. Vijana wakasema vimetoka karibu, na hawakungoja niwaambie la kufanya. Walipanda na kijito hadi kwenye kalvati, wakakuta vifungashio vilevile vimenasa kwenye vyuma.

Tumeandika barua kwa wanaohusika na mitaro, tukaambatisha jedwali la kabla na baada ya mvua. Barua imetiwa saini na vijana wenyewe. Niliwapa mfano wa Melati na Isabel Wijsen wa kisiwa cha Bali, Indonesia, walioanza kampeni dhidi ya mifuko ya plastiki mwaka 2013 wakiwa na miaka 12 na 10. Marufuku ya kisiwa kizima ilianza kutumika 2019. Mmoja akapiga hesabu haraka: miaka sita, mimi nitakuwa nimemaliza shule. Sikubisha, ndivyo ilivyo. Akaomba basi fomu zihifadhiwe vizuri, na sasa yeye ndiye mtunza jalada.

Yanayoendelea

Bamvua lijalo tunaanza kuhesabu vipande vidogo vya plastiki. Chekeche mbili ziko tayari, ya matundu ya milimita 5 na ya milimita 1. Tutachukua mchanga wa juu ndani ya fremu ya mbao ya nusu mita kwa nusu mita, sehemu tano kati ya vigingi, kando ya mstari wa maji kujaa. Mchanga uwe mkavu, la sivyo chekeche huziba.

Ubishi uliobaki ni huu: chupa ikikutwa imevunjika vipande saba mahali pamoja, ni alama moja au saba? Kundi la waandishi linataka saba, kundi la wachambuzi linataka moja. Nimewaambia wachague kanuni moja, waiandike juu ya fomu kabla hatujashuka ufukweni, na isibadilishwe hadi mwaka uishe.