Nukta moja na barua ya Geneva

Mimi ni fundi seremala, si mwanasheria, na wanaonijua Chake Chake watacheka wakisikia nimeshinda mzozo wa zabuni. Wacha nijisifu kidogo.

Zabuni ilikuwa ya madeski 2,000 ya skuli, kwa fedha za mkopo wa Benki ya Dunia. Siku ya kufungua, nilisikia kwa masikio yangu bei yangu ikisomwa: shilingi milioni 370, chini ya wote. Nikarudi Pemba nikihesabu mbao kichwani. Baadae, Jumatano moja, ikaja taarifa ya kusudio la kumpa kazi mwengine. Kwenye mstari wangu: bei iliyosomwa, milioni 370, bei baada ya tathmini, bilioni 3.7. Madeski ya dhahabu hayo!

Barzani kwetu kuna ami mmoja, mstaafu, hakuna asilolijua. "Yakhe, wabane kwa sheria ya kimataifa! Kwani Tanzania haimo Shirika la Biashara Duniani? Basi lina mkataba wake wa ununuzi wa serikali." Alhamisi nzima tukaandika. Kurasa nne, Geneva, yaliko makao ya shirika hilo, imetajwa sijui mara ngapi, muhuri juu na muhuri chini. Barza ikasomewa, ikapiga makofi. Ijumaa nikapanda boti kuipeleka Unguja kwa mkono wangu.

Ofisa ununuzi akaisoma yote, kwa adabu kabisa, kisha akaniuliza: "Mzee wangu, Tanzania imejiunga lini na mkataba huu?"

Nikatazama feni. Kumbe kuwamo kwenye shirika ni jambo moja, na mkataba ule, ambao toleo lake la sasa lilianza kutumika 2014, unawafunga waliojiunga nao tu. Sisi hatumo. Nikatoa silaha ya akiba aliyonipa ami, sheria ya mfano ya ununuzi ya 2011, ya UNCITRAL, tume ya Umoja wa Mataifa ya sheria za biashara ya kimataifa. Hiyo nayo ni kielelezo tu cha nchi kutungia sheria zao. Sheria ya ununuzi ya Bara sikuithubutu. Zanzibar tuna yetu, ya 2016.

"Nyaraka za zabuni umezisoma?" akaniuliza.

Nilisoma ukurasa wa bei.

Basi Jumamosi, kwenye boti ya kurudi, abiria wa kulia kwangu anatapika, mimi nasoma. Nikakuta: bei ya kimoja ikipingana na jumla, bei ya kimoja ndiyo inayoshika, na jumla inarekebishwa. Isipokuwa ikionekana wazi kuwa nukta ya desimali imewekwa pasipo pake. Hapo jumla ndiyo inayoshika. Nikatoa nakala ya fomu yangu. Bei ya deski moja ilitakiwa 185000.00. Mpwa wangu alichapa 1850000.0. Sufuri ni zile zile, hata moja haikuzidi. Nukta ndiyo iliyoruka hatua moja kulia. Nilipiga ukelele mpaka yule mgonjwa akaacha kutapika.

Muda nao ulikuwa unanikaba. Kuomba maelezo ni siku tatu za kazi tangu upate taarifa, yaani kwangu mwisho Jumatatu, na mbili nilizila na Geneva. Nikatuma barua ya mistari sita asubuhi na mapema. Wakajibu ndani ya siku tano zao kwamba wamefuata bei ya kimoja. Nikapeleka malalamiko kabla siku kumi za kazi za kusubiri, kabla mkataba haujatiwa saini, hazijaisha, kwao hao hao walionikosesha, maana ndipo yanapoanzia. Waliosema niandike Washington, makao ya Benki ya Dunia, sikuwasikiliza. Ukurasa mmoja, fotokopi ya fomu, nukta nimeizungushia wino mwekundu.

Kamati ikarudi mezani, kazi nikapewa. Gharama zote, boti na fotokopi na chai, laki mbili na kitu.

Mpwa wangu bado ananichapia, ila namsimamia begani. Na ami? Hadi leo anasimulia barzani kwamba ile barua ya Geneva ndiyo iliyowatia hofu.