Modeli ya tenki la Mayak: hatimaye linakauka

Haya wadau, apdeti. Kwa wageni, najaribu kufuata kwa hesabu kilichotokea Mayak, kiwanda cha nyuklia kule Urali, enzi za Muungano wa Kisovieti, tarehe 29 Septemba 1957, tenki la taka za maji zilizobaki baada ya kutoa plutoniamu kwenye fueli ya nyuklia iliyotumika lilipolipuka. Wengi wanadhani ule ulikuwa mlipuko wa nyuklia, hapana, ulikuwa wa kikemia na chanzo chake ni joto.

Taka zile zinajipasha zenyewe, mionzi yake ikimezwa na kimiminika inageuka joto na hakuna swichi ya kuizima, kwahiyo maji ya kupoza lazima yazunguke usiku na mchana. Pale upoozaji wa tenki moja ukafa, na haukutengenezwa.

Wiki hii ndo nimeunganisha sehemu ya kukauka. Nimeweka tani 75, nusu maji nusu chumvi, na kilowati 100 za joto, hii nimeikadiria kutokana na zile kyuri milioni 20 (kyuri ni kipimo cha mionzi) zinazotajwa, nyingi zikiwa za seriamu-144, elementi yenye mionzi. Bila kupozwa linapanda kama digrii 1.6 kwa saa, yaani karibu siku mbili toka digrii 30 mpaka kuchemka. Afu hapo joto linatulia, maji yanapungua karibu tani 4 kwa siku, na hiki ndo kipande cha kuogopa kuliko vyote maana grafu imelala kabisa, ukiitazama unaona kila kitu kiko shwari kumbe siku kama kumi tu maji yameisha. Kama sufuria iliyosahauliwa jikoni. Baada ya hapo mstari unapaa, digrii 8 kwa saa, na chumvi zilizobaki ni naitreti na asetati kavu, yaani kinachotoa oksijeni na kinachoungua viko pamoja. Zilipofika kwenye digrii 350 hivi zikalipuka, mfuniko wa zege wa tani 160 ukaruka, na baadaye watu zaidi ya elfu kumi wakahamishwa kutoka vijijini kwao.

Kinachoniuma ni hizo siku. Hata kama makadirio yangu yamekosea kwa nusu, muda wa kuongeza maji ulikuwepo, ilitakiwa kipimo cha kina cha maji kinachosomwa, thermomita peke yake isingetosha.

Bado sijaweka joto linalovuja kupitia kuta za zege, hiyo itapunguza kasi hasa mwishoni. Nikimaliza naweka tenki la pili lenye mabomba mawili ya kupoza yanayojitegemea, nizime moja nione linashikilia digrii ngapi.