Siku niliyomuona chura akizaa

"Mama, eti chura anataga au anazaa?" Mwanangu ana zoezi la sayansi, kaandikiwa chura hutaga mayai kwenye maji na anatakiwa ajibu ndiyo au siyo. Nikamwambia weka ndiyo, ndo jibu analotaka mwalimu. Ila moyo ukakataa kabisa, nikaacha kisu na mchicha pale pale nikamwambia njoo nikuhadithie, yupo mmoja anazaa na mimi nimemuona kwa macho yangu.

Wale mlionijua enzi za chumba cha vyura, nilipokuwa nafanya kazi ya kuwatunza huku Dar, mshaelewa. Vyura wa Kihansi, wale mia moja waliorudi Dar kutoka Marekani Agosti 2010. Historia yao wengi mnaijua, waligunduliwa 1996 kwenye korongo la mto Kihansi kule Udzungwa, na dunia nzima hawakuwepo kwingine, eneo lao halizidi sana hekta 2 pembeni ya maporomoko ambapo maji yakianguka yanarusha manyunyu usiku na mchana. Yakaja maji kuchepushwa kwa ajili ya umeme, manyunyu yakakatika, mwaka 2000 wakachukuliwa 499 wakapelekwa bustani ya wanyama ya Bronx Zoo, New York. Waliobaki korongoni walipukutika 2003, na ugonjwa wa fangasi wa ngozi nao ulikuwepo, na 2009 wakatangazwa rasmi kwamba porini hawapo tena. Kwa hiyo hao tuliokuwa nao chumbani, pamoja na wenzao waliobaki Marekani, ndo walikuwa chura wote wa aina hiyo duniani. Hebu fikiria unaingia kazini asubuhi unajua hilo.

Na kuingia kwenyewe kulikuwa na taratibu. Viatu vyako vya njiani unaacha nje, unavaa buti za humo ndani tu, unakanyaga beseni la dawa, unavaa glavu. Maji ya bomba hayaingii hivi hivi lazima yapite kwenye filta, joto la Dar haliruhusiwi mle ndani, kuna taa maalumu maana bila mwanga wa aina ile mifupa yao inalegea. Alafu harufu sasa! Ndizi zilizoiva kupita kiasi, kwa sababu ya vile vinzi vidogo vya matunda, tulikuwa tunavizalisha wenyewe kwenye makopo, vya aina isiyoweza kuruka, unavimwaga kwenye mfuko wenye unga wa kalsiamu na vitamini unatikisa taratibu mpaka viwe vyeupe ndo unawapa. Mbinu hizi ni zilezile za watu wanaofuga vyura wenye sumu wa Amerika ya Kusini, wale wa bluu na njano mnaowaona kwenye picha. Wale nao wakifugwa sumu inaisha, maana sumu yao inatokana na sisimizi na vidudu wanavyokula msituni, ukiwalisha vinzi vya kopo hakuna sumu. Ila wale wanataga, na dume anabeba viluwiluwi mgongoni kuvipeleka majini. Wa kwetu hana habari ya kiluwiluwi nje ya tumbo.

Sasa siku yenyewe. Nilikuwa zamu na mzee mmoja mtu wa Mufindi, mpole, mwenye macho makali kuliko sisi vijana wote. Nilikuwa nafuta vioo vya matangi ya upande wa pili nikasikia ananiita kwa sauti ya chini, "Binti, njoo. Usiwashe tochi, utamshtua."

Jike alikuwa kang'ang'ania kioo, tumbo limetugeukia. Chura hawa hata mkubwa hafiki sentimita 3, na ngozi ya tumbo lao inapitisha mwanga, kwa hiyo siku nyingi tulikuwa tunajua ana mimba kwa kuona vile vitu vyeusi vyeusi ndani. Siku ile vile vyeusi vilikuwa vinasogea. Akawa anajikaza, ubavu unaingia ndani unatoka, anatulia, anajikaza tena, mkono mmoja ukaachia kioo ukarudi, mimi nimeshikilia kitambaa nimesahau kupumua. Alafu nyuma kikatoka kitu chenye unyevu, kidogo kuliko punje ya mchele, kikashuka na tone la maji mpaka kwenye jani. Nikajua kimekufa maana kilikaa tu pale. Mzee akasema subiri. Tukasubiri, pampu ya manyunyu ikajiwasha kama kawaida yake, ukungu ukajaa tangi zima, na maji yalipokigusa kikajinyoosha mguu, wa kwanza, wa pili, kikainua kichwa. Miguu minne kamili, macho kamili, chura mzima. Kikapiga hatua na kuingia chini ya jani.

Nililia jamani, mzee hakunicheka. Akaniambia yeye kijana aliwahi kufika pale maporomokoni kabla maji hayajachepushwa, unasimama na mwenzio hamsikilizani kwa ule mngurumo, na shati linalowa wakati jua linawaka. Alafu akauliza, kama anajiuliza mwenyewe, "Hiki kikipelekwa kule kitapajua kwao?"

Sikuwa na jibu. Mwaka 2012 walianza kurudishwa korongoni, mimi nilishahama kazi, nikafurahi sana niliposikia. Lakini maporomoko ya zamani hayakurudi na wao, kule wamewekewa mabomba ya kunyunyizia.

Mtaani nimebishana na watu sana kuhusu hili, wanasema hela zote zile kwa ajili ya vyura wakati watu hawana dawa. Siwadharau wanaosema hivyo, dawa kweli hazikuwepo. Kinachonisumbua mimi ni kingine. Mle chumbani taa zilikuwa zinawaka masaa yote, mashine ya baridi inanguruma, pampu ya manyunyu inafanya kazi, na tulikuwa tunaomba umeme usikatike maana ukikatika muda mrefu na jenereta ikagoma tunawapoteza. Umeme ule ni wa gridi ya taifa, na kwenye gridi umo wa Kihansi, megawati 180, wa maji yaleyale waliyonyang'anywa. Ina maana mto uliwatoa kwao na mto huohuo kwa namna fulani ulikuwa unawaweka hai huku Dar. Nyumbani kwa mama yangu taa inawaka kwa gridi hiyohiyo na sitaki izimike. Na vyura nao nataka wawepo. Miaka yote hii sijaweza kuchagua kimoja, na kila nikijaribu namuona yule jike pale kwenye kioo anajikaza.