Uzoefu wangu: kutafuta dalili za sumu ya risasi kwenye damu ya mbwa na ng'ombe

Nikishuku mnyama amekula madini ya risasi, iwe ni kwa kulamba betri kuukuu au rangi ya zamani iliyobanduka, slaidi ya damu naipaka palepale alipo, kwa damu itokayo moja kwa moja kwenye sindano. EDTA, dawa ya kuzuia damu isigande iliyomo kwenye tyubu, hufifisha madoadoa ninayoyatafuta ndani ya chembe nyekundu, ambayo ni dalili ya sumu hiyo. Ukichelewa, utaona chembe safi na kudhani mnyama ni mzima.

Tone liwe dogo, kama kichwa cha njiti ya kiberiti, na kioo cha kusukumia kilale nyuzi 30 hadi 45. Ikishakauka, naiweka kwenye methanoli dakika 2, kisha kwenye rangi ya Giemsa ya asilimia 10 kwa dakika 10, maji yakiwa na pH ya 7.2. Rangi isiyochujwa huacha uchafu juu ya chembe, na wengi huuita madoadoa. Zungusha fokasi taratibu kwenye lenzi ya 100: uchafu hung'aa chembe ikiwa imefifia, lakini doa la kweli huonekana pamoja na chembe yake, bluu iliyokoza, kama vumbi lililonyunyizwa ndani.

Vumbi hilo ni mabaki ya RNA, kemikali ambayo chembe changa huitumia kutengeneza protini. Risasi huzuia kimeng'enya kinachoyavunja, na wakati huohuo huzuia vile vinavyotengeneza himu, sehemu ya himoglobini yenye chuma, kwa hiyo himoglobini nayo hupungua.

Kwa mbwa, ishara ninayoithamini zaidi ni chembe nyekundu zenye kiini, yaani changa, kwani zilizokomaa hazina kiini. Zikiwa nyingi ilhali upungufu wa damu ni mdogo au haupo kabisa, risasi inapanda juu kwenye orodha yangu. Nazihesabu kwa kila chembe nyeupe 100, kisha nasahihisha, kwa sababu mashine nyingi huziingiza kwenye hesabu ya chembe nyeupe. Mashine ikisema chembe nyeupe ni 20,000, nami nikahesabu zenye kiini 25, basi 20,000 × 100 ÷ (100 + 25) = 16,000. Usiposahihisha, utatibu maambukizi yasiyokuwepo.

Kwa ng'ombe na kondoo tahadhari ni kubwa zaidi. Wao hutoa madoadoa hata wanapojenga damu upya baada ya kupoteza nyingi, kwa mfano kwa minyoo au kupe. Na madoadoa yasipoonekana, risasi bado haijaondolewa kwenye mashaka.

Kwa uthibitisho, peleka damu nzima, usiizungushe kutoa seramu, yaani maji ya damu yasiyo na chembe: zaidi ya asilimia 90 ya risasi ya damu imo ndani ya chembe nyekundu, na seramu itakupa jibu la uongo. Kwa ng'ombe mwenye dalili, mikrogramu 35 au zaidi kwa desilita moja zinatosha kuthibitisha.

Baada ya tiba ya kuitoa risasi mwilini, napima tena wiki 2 hivi kutoka dozi ya mwisho. Siku dozi inapokwisha namba huwa ndogo, kisha risasi iliyojificha mifupani hurudi kwenye damu.