Rangi ilivyokuwa ikibanduka kwenye kabati la chuma

Kabati nililomtengenezea mama mmoja wa Majengo, Moshi, lilianza kubanduka rangi wiki ya pili. Ukikwaruza kwa ukucha inatoka kama ganda la yai la kuchemsha. Nililaumu rangi. Kumbe ni shiti yenyewe, yaani bamba la chuma: ilikuwa ya chuma kilichobanwa kwa rola kikiwa baridi. Chuma hicho hakina yale magamba meusi ya tanuri, ni laini mno, na kiwandani hupakwa mafuta kisishike kutu. Nilikuwa napaka rangi juu ya mafuta! Nikabandua yote, nikafuta kwa tina, kile kimiminika cha kuyeyushia rangi, nikibadilisha kitambaa hadi kikatoka cheupe. Kisha msasa namba 180, maana uso ule hauna pa kushikia, nikapiga praima, rangi ya kwanza ya kushikia, siku hiyohiyo. Miezi minne sasa, ukucha hautoi kitu.