Siku moja na roboti ya mbizi: kumfuata mnyama wa kilindini bila kumharibu

Saa 11:00 alfajiri

Kazi ya kuchunguza wanyama wa ajabu wa vilindini kwa roboti huanza na grisi. Kabla jua halijachomoza fundi yuko sitahani, tochi kichwani, anafungua viungio vya nyaya kimoja kimoja. Anafuta oringi, zile pete za mpira zinazozuia maji, kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, anazipaka grisi ya silikoni kidogo tu, anafunga. Unywele mmoja ukilala juu ya oringi unatosha kuharibu siku nzima. Kila mita 10 za kina huongeza mgandamizo wa angahewa moja hivi; safari ya leo ni mita 1,800, kwa hiyo maji yatabana kwa angahewa 180 na yatapita popote palipo na upenyo. Yakifikia nyaya za umeme, kifaa kinachopima uvujaji kitalia na roboti itabidi irudi juu hata kama imebakiza mita 50 kufika.

Kisha leza. Kamera kuu ina miale miwili ya leza iliyo sambamba, umbali wa sentimita 10 kati yao. Nukta hizo mbili zikimwangukia mnyama, ndizo rula yetu. Kila asubuhi hupimwa ukutani kwa rula ya kweli, karibu na kwa mbali, kwa sababu mwale uliopinda kidogo tu humfanya samaki wa sentimita 15 aandikwe ana 20. Saa ya kamera nayo hulinganishwa na ya kipima joto, chumvi na oksijeni. Zikipishana kwa dakika moja wakati wa kushuka, mnyama anaandikiwa maji ya mita 30 juu au chini ya alipoonekana, na hakuna atakayeligundua kosa hilo baadaye.

Vyombo vyote vyenye mfuniko hushuka vikiwa wazi. Chochote kilichofungwa na kusahauliwa na hewa ndani hupondeka njiani.

Saa 12:45 asubuhi

Kushusha. Watu hudhani hatari iko chini kabisa. Kwa roboti, mita 10 za mwanzo ndizo mbaya zaidi: wimbi linaweza kuipigiza kwenye ubavu wa meli, na kebo ikilegea ghafla kisha ikakazwa na wimbi linalofuata, nyuzi za kioo zinazopitisha picha hukatika ingawa kwa nje kebo ni nzima. Mabaharia wawili hushika kamba za pembeni isiyumbe, kreni inaitua, rubani, anayeiongoza akiwa melini, anaizamisha upesi kupita eneo la mawimbi. Baada ya hapo ni mwendo wa mita 30 kwa dakika, na kimya.

Saa 1:15 asubuhi, mita 300

Kwenye sona ya meli, chombo kinachopima kina kwa mwangwi wa sauti, kuna kitu kinachofanana na sakafu ya bahari, nacho kinashuka. Ni wanyama. Kila jioni samaki wadogo, uduvi, ngisi na jamii za konyeza hupanda kula karibu na uso wa maji, na kila alfajiri hurudi gizani wasionekane na wawindaji. Katika Vita Kuu ya Pili waliosikiliza sona waliyachukulia matabaka haya kuwa chini ya bahari. Tunashuka asubuhi pamoja nayo kwa makusudi, tuyakute yakiwa yametulia.

Hapa tunahesabu. Kwa kila mita 100 za kina roboti husimamisha ushukaji na kwenda mbele dakika 10 bila kupinda, kasi ya nusu mita kwa sekunde, yaani mita 300 za maji. Zidisha upana na kimo cha eneo ambalo kamera inaliona vizuri, utapata ujazo wa maji uliokaguliwa, na hapo ndipo "wengi" na "wachache" hugeuka namba. Kasi ipimwe dhidi ya maji, si dhidi ya sakafu. Roboti ikichukuliwa na mkondo inaweza kusafiri nusu kilomita huku ikiwa ndani ya maji yaleyale, mkahesabu konyeza mmoja mara nne. Taa nazo hudanganya: ngisi huzifuata, samaki wengi huzikimbia. Kwa hiyo hesabu ya wanyama laini wasioogelea kwa nguvu ni ya kuaminika zaidi kuliko ya samaki, na tunapoziweka kwenye jedwali moja lazima tuseme hivyo.

Saa 3:00 asubuhi, mita 600 hadi 800

Kwetu sisi hiki ndicho kitovu cha siku. Mwanga wa jua umebaki rangi ya buluu hafifu sana, oksijeni imepungua, na viumbe vinaanza kuwa vya aina ambayo mtu akichora anaambiwa amezidisha.

Kamba nyeupe inayokatiza skrini nzima bila mwisho ni sifonofora. Anaonekana kama mnyama mmoja, lakini ni mkusanyiko wa miili midogo iliyogawana kazi: mingine inaogelea, mingine inakula, mingine inazaa, na hakuna unaoweza kuishi peke yake. Mwaka 2020, nje ya pwani ya Australia Magharibi, alionekana wa jamii ya Apolemia aliyejizungusha kama koili, na pete yake ya nje peke yake ilikadiriwa kuwa na urefu wa mita 47. Leza za sentimita 10 hazitoshi kwa kiumbe wa namna hiyo. Rubani hufuata mwili kuanzia mwanzo hadi mwisho, na urefu unakokotolewa kutokana na njia ya roboti. Akiukaribia mno, mkondo wa propela huukata, mnabaki na vipande vitatu na mabishano.

Kiputo kikubwa cha ute chenye upana wa kama mita moja ni nyumba ya Bathochordaeus, mnyama mwenye umbo la kiluwiluwi na urefu wa sentimita chache. Hukaa katikati akipiga mkia, maji yanachujwa na kuta za ute, na nyumba ikiziba huiacha, huanza nyingine. Nyumba zilizotupwa huzama upesi zikibeba chakula kwa walio chini. Ukigusa moja kwa mkono wa roboti, imekwisha; ni nyepesi kuliko utando wa buibui.

Halafu Vampyroteuthis infernalis, ambaye jina lake, "ngisi mnyonya damu wa kuzimu", linatisha bure. Si ngisi wala pweza, ana oda (kundi la uainishaji) yake mwenyewe, urefu wa kama sentimita 30 akiwa mkubwa, na hanyonyi damu ya mtu. Hukaa pale ambapo oksijeni ni haba kiasi cha kuwashinda wawindaji wengi, anarefusha uzi mmoja mwembamba unaonata, anakusanya mabaki yanayodondoka kutoka juu, anayafinyanga na ute kuwa tonge, anakula. Hilo lilithibitishwa mwaka 2012 kwa kutazama video nyingi na kuchunguza yaliyo tumboni. Kwa zaidi ya karne tangu apewe jina mwaka 1903, waliokuwa wakimfahamu kutokana na nyavu tu wasingeweza kukisia.

Macropinna microstoma ni somo lenyewe. Samaki huyu wa kama sentimita 15 alielezwa mwaka 1939, na michoro ikamwonyesha mwenye macho ya bomba yanayotazama juu tu. Swali likabaki: anakionaje anachokila kilichoko mbele ya mdomo? Mwaka 2008 picha za roboti na samaki mmoja aliyefika juu akiwa hai zilitoa jibu. Kichwa chake kimefunikwa kwa ngao angavu iliyojaa umajimaji, na macho, yale matufe mawili ya kijani ndani yake, huzunguka kutoka kutazama juu hadi kutazama mbele. Nyavu zilikuwa zikiichana ngao hiyo kila mara, kwa hiyo haikuwa imechorwa. Vile vidoa viwili vyeusi usoni vinavyodhaniwa kuwa macho ni pua.

Saa 4:30 asubuhi

Kukamata. Chombo kinachofaa ni silinda angavu ya lita 7 hivi, iliyo wazi pande zote mbili, yenye vifuniko vinavyojifunga kwa nguvu za haidroliki. Huwezi kumfuata mnyama laini nacho; unamsogezea maji aliyomo. Rubani husawazisha uzito mpaka roboti inaelea bila propela ya wima kufanya kazi, anakuja polepole, anaiacha silinda impitie mnyama, anasubiri awe katikati kabisa, kisha vifuniko vinafungwa taratibu. Kosa la kawaida ni pupa: mfuniko unamng'ata tentakeli, naye akishajeruhiwa huanza kuvunjika hapohapo. Kosa la pili ni kurudi nyuma kabla ya kufunga, maana roboti humvuta mnyama nje pamoja na maji yake.

Kwa wagumu kidogo, kama uduvi wekundu, tunatumia bomba la kufyonza. Anza na nguvu ndogo. Bomba la nguvu kamili hutoa supu.

Saa 6:30 mchana, sakafuni, mita 1,800

Rubani anatua akielekea mkondo, ili vumbi la tope liende nyuma ya kamera. Hata hivyo tunasubiri dakika kadhaa. Joto ni kati ya nyuzi 2 na 3. Majongoo bahari yanatambaa, mengine ya zambarau, mengine angavu kiasi cha kuonyesha utumbo uliojaa tope.

Penye mifupa ya nyangumi tunatafuta Osedax, mnyoo aliyegunduliwa mwaka 2002 katika korongo la Monterey, California, mita 2,891 chini. Hana mdomo wala utumbo. Mizizi yake huingia mfupani ikitoa asidi, na bakteria wanaoishi ndani ya mizizi hiyo humsaidia kuugeuza mfupa chakula. Tunaowaona kama manyoya mekundu ni majike. Madume ni wadogo mno, na huishi kwa makumi ndani ya bomba la jike mmoja. Ukimvuta utabaki na manyoya tu, mizizi imebaki ndani. Chukua kipande cha mfupa kizima, ukiweke kwenye sanduku lenye mfuniko.

Tope huchukuliwa kwa bomba angavu linalosukumwa chini polepole hadi kina chake kamili. Kulichomoa kwa haraka humwaga nusu ya tope, na safu ya juu, yenye wanyama, ndiyo hutangulia kupotea.

Pweza akionekana amejikunja juu ya jiwe, hatumgusi, huenda anaatamia. Jike mmoja wa Graneledone boreopacifica alitazamwa kwenye jabali moja, kina cha mita 1,400 hivi, kwa miezi 53 akiwa na mayai yaleyale. Kumfukuza kwa ajili ya picha ni ujinga.

Saa 8:30 mchana

Tunapanda, na njiani tunazima taa kwa dakika 10. Asilimia 76 ya wanyama walioonekana majini katika hesabu moja iliyochapishwa mwaka 2017 ni wa jamii zinazotoa mwanga, karibu wote wa buluu. Rangi nyekundu haifiki huku, ndiyo maana uduvi mwekundu ni sawa na mweusi. Samaki Malacosteus niger amevunja kanuni: anatoa mwanga mwekundu na anauona, anamulika windo lisilojua kuwa limemulikwa.

Saa 10:00 jioni

Mita 200 za mwisho ndizo huua. Mnyama asiye na kibofu cha hewa huvumilia kupungua kwa mgandamizo kuliko wengi wanavyodhani. Kinachommaliza ni joto. Samaki mwenye kibofu hatumchukui kabisa, maana hewa hupanuka na kumtoa tumbo mdomoni. Yule samaki mwenye sura ya uji uliomwagika, anayeitwa blobfish kwa Kiingereza, aliyepigwa picha mwaka 2003 baada ya kuvuliwa karibu na New Zealand, hana sura hiyo kwao. Mwili wake ni laini ili usizame wala kuelea bila hewa, na maji ndiyo huushikilia. Ubaya ule tumempa sisi kwa wavu.

Roboti ikigusa sitaha, silinda zinahamishiwa chumba cha nyuzi 4 ndani ya dakika chache. Wenye mwili wa ute kwanza, uduvi baadaye, tope mwisho. Ndani tunatumia tochi nyekundu.

Saa 12:00 jioni

Picha kwanza, kwa sababu rangi haitabaki. Kisha kipande cha nyama cha ukubwa wa punje ya mchele huingia kwenye ethanoli ya asilimia 95 kwa ajili ya DNA. Baada ya hapo tu ndipo mwili unatiwa formalini, dawa ya kuuzuia usioze: sehemu moja ya formalini ya dukani kwa sehemu tisa za maji ya bahari, na boraksi kidogo isiwe na asidi. Ukigeuza mpangilio huo, formalini huifunga DNA na kuisoma kunakuwa taabu. Mnyama asizidi sehemu moja ya kumi ya ujazo wa chupa, la sivyo anaoza katikati. Tenofora wengi, wanyama wa ute wanaofanana na konyeza, huyeyuka humo hata ufanyeje. Kwao video ndiyo sampuli. Lebo ni ya penseli na hukaa ndani ya chupa. Wino wa kalamu huyeyuka kwenye ethanoli.

Saa 2:00 usiku

Kuandika video, sekunde kwa sekunde. Ukitambua jenasi tu na si spishi, ishia kwenye jenasi. Andika ulichokiona, maelezo yatafuata: mwaka 1922 mwanabiolojia wa Iceland Bjarni Sæmundsson aliona samaki wawili wadogo wamegandamana na tumbo la Ceratias holboelli, samaki wa kilindini, akadhani ni watoto, mwaka 1925 mtaalamu wa samaki Mwingereza Charles Tate Regan akaonyesha kwamba visamaki vya namna hiyo ni madume yaliyoungana na mwili wa jike. Maelezo yalikuwa na kosa, lakini uchunguzi ulikuwa sahihi na ukatumika.

Saa 4:00 usiku

Bado maji ya kesho. Lita 40 za maji ya bahari huchujwa na kuachwa wazi ndani ya chumba baridi hadi asubuhi, hewa itoke. Yakiwekwa tangini mapema, viputo hujikusanya chini ya mnyama wa ute, vinamwinua hadi juu, naye huchanika kwenye uso wa maji, baada ya kuvuka mita 700 salama.